Meli Iliyopungua Hatua Nane

Jumamosi, Julai 1981. Kariobangi.

Baridi ya leo imeingia kwenye viungo na imekataa kutoka. Manyunyu tangu alfajiri, jua sijaliona tangu Jumanne. Nyonga yangu ya kushoto inauma. Ninaandika nikiwa na koti la kanisani, blanketi juu yake, na mama Mutua, mke wangu, amepita hapa mara mbili akanitazama bila kusema neno. Akinyamaza hivyo anajua kuna jambo nimefanya.

Na kweli nimefanya.

Mimi si mtu wa kuandika. Darasani nilikaa miaka miwili tu, herufi zilizobaki nilizipata melini kwa kusoma maboksi ya nyama ya mkebe. Hata hivyo mwandiko wangu unasomeka kuliko wa makarani wengi, na waliouona wamesema hivyo wenyewe. Daftari hili ni la meli. Ukurasa baada ya ukurasa ni vipimo: urefu wa mlingoti, unene wa mnyororo, bunduki ya mbele ilielekea wapi. Leo sina kipimo cha kuandika. Leo nina aibu, na sikujua pa kuiweka isipokuwa hapa.

Nianze na meli yenyewe. Wakati wa vita vile vikubwa nilikuwa baharia Mombasa, mimi Kilonzo, Mkamba wa Machakos ambaye hata mto Athi nilikuwa nauvuka nikiwa nimeshika mkia wa ng'ombe. Meli yetu ilikuwa ya kuvua samaki huko kwao Wazungu, ikageuzwa ya vita, kazi yake kufagia baharini yale mabomu yaliyotegwa majini ili meli kubwa zipite salama. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu. Sisi tuliiita Mama Mzito. Vita vilipokwisha ikavunjwa, ikauzwa kama chuma chakavu. Haipo tena duniani.

Nilipoacha kuchonga twiga na vifaru vya watalii, miaka mitatu iliyopita, nikasema mikono hii itafanya kazi moja ya maana kabla haijatetemeka. Nitaichonga Mama Mzito, sawasawa ilivyokuwa, kwa kipimo cha kweli. Futi moja ya meli iwe robo inchi ya mti. Hakuna mchongaji Nairobi hii aliyewahi kufanya hivyo. Kama yuko aje nimwone.

Nilitafuta habari zake kama mtu anayemtafuta mtoto aliyepotea. Nilimwandikia karani wa bandarini barua nne. Jibu lilikuja moja, kwamba karatasi za meli hiyo hazipo. Makumbusho nilikwenda mara tatu, kijana wa pale akanionyesha picha za mitumbwi. Mwishowe nikabaki na vitu viwili. Kitu cha kwanza ni picha ndogo, sisi sita wa juu, yaani wa sitahani, tumesimama mbele ya bunduki, nyuma yetu chumba cha usukani. Urefu wangu wa wakati ule ninao kwenye cheti cha kuachishwa kazi, kwa hiyo kwa picha hiyo nilipima kila kitu cha upande wa mbele.

Kitu cha pili ni miguu yangu. Kila asubuhi kabla ya kuosha sitaha nilikuwa natembea kutoka ncha ya mbele mpaka ncha ya nyuma nikihesabu. Hatua hamsini na sita. Haikuwahi kuwa hamsini na tano wala hamsini na saba. Mabaharia wengine waliniwekea dau la sigara, wakapoteza sigara zao.

Basi nilikwenda uwanja wa mpira hapa Kariobangi, nikatembea hatua kumi, nikapima kwa tepu ya fundi, nikazidisha. Nikapata urefu wa Mama Mzito.

Siku hiyo ya uwanjani nilikuwa na Njoroge.

Njoroge ni Mkikuyu wa Murang'a, fundi wa kutengeneza majiko ya makaa kwenye vibanda vya jua kali hapa chini. Lakini kwangu mimi ni mtu wa Mama Mzito. Mimi nilikuwa juu, yeye chini kwenye chumba cha moto, akitupa makaa kwa koleo. Kati ya wote tuliokuwa melini, ninaojua wako hai ni sisi wawili. Tulikutana tena Nairobi baada ya miaka mingi, mimi nikinunua jiko, yeye akiliuza, akanitazama akasema, "Wewe si yule wa kuhesabu hatua?"

Siku ile uwanjani alikuwa amekaa juu ya jiwe, anakohoa kidogo, ananitazama nikitembea. Akasema, "Kilonzo, hizo ni hatua za leo. Zile zilikuwa za kijana."

Nikamjibu, "Mguu wa Mkamba haupungui."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Ingekuwa heri tungeishia hapo.

Nilichonga meli kutoka gogo moja la jakaranda. Hilo nalisema kwa sababu ni jambo kubwa. Sisi wachongaji wa kweli hatuungi mti. Kazi iliyoungwa kwa gundi tunaiita ya kudanganya watalii, na mwenye kuifanya hakai na sisi. Mti mmoja, tangu ncha mpaka ncha. Miezi minane ya tezo na kisu, halafu msasa mpaka unaona uso wako ubavuni mwake.

Halafu nikaanza kuweka vitu vya juu. Bunduki mbele, sawa. Chumba cha usukani, sawa. Bomba la moshi, sawa. Winchi ya kuvuta nyaya, kule nyuma kabisa, ikakaa mahali pake. Nikatazama katikati, kati ya bomba la moshi na winchi, nikaona hapana nafasi. Vitu viligusana kama watu kwenye foleni ya mafuta ya taa.

Kuna kitu kilipaswa kukaa hapo. Mlango wa chuma wa kutokea watu wa makaa, mabomba mawili ya kuvutia hewa, na benchi.

Nilikijua. Hili ndilo nililotaka kuliandika tangu nianze, nimelizunguka kurasa mbili. Benchi lile nililikalia mimi mwenyewe. Njoroge alikuwa anatoka shimoni mweusi tititi, macho tu ndiyo meupe, anakaa hapo anatafuta pumzi. Mimi nilikuwa nampelekea maji ya kunywa yaliyotiwa chumvi kidogo, ya kurudisha jasho, kwenye mkebe, tunakaa bega kwa bega mpaka kengele impigie. Jioni nyingi. Sasa mtu kama huyo anawezaje kusahau benchi?

Sikusahau. Nafasi ilikosekana, na mimi sikutaka kukubali kwamba nimekosea kupima. Nikajiambia pengine benchi lilikuwa la meli nyingine. Nikajiambia hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kuamini.

Mwaka jana nikaipeleka meli kwenye ukumbi wa kanisa watu waione. Walikuja wengi. Mchungaji alisema hajaona kazi kama hiyo, na hakusema kwa kunibembeleza. Wamama waliishika kwa ncha za vidole. Njoroge akaja na koti lake la sherehe, akaizunguka polepole, mikono nyuma, kama afisa anayekagua. Akafika nyuma ya bomba la moshi akasimama.

"Kilonzo, mlango wangu uko wapi?"

"Mlango gani?"

"Wa kutokea sisi wa makaa. Na benchi letu."

"Hapo hapakuwa na mlango."

"Basi mimi nilikuwa natokea wapi? Kwa bomba, pamoja na moshi?"

Watu wakacheka. Mimi nikichekwa, damu inapanda kichwani, nilizaliwa hivyo. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Wewe ulikuwa panya wa makaa. Meli uliiona siku ya kupanda na siku ya kushuka. Sisi wa juu ndio tunaijua."

Wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka yeye. Na yeye akacheka pamoja nao, kidogo, mpaka kikohozi kikamshika. Akachukua kofia yake.

"Sawa, Kapteni," akasema.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu, nami sikukanyaga kwake. Mwaka mzima na zaidi, na tunakaa mwendo wa dakika kumi. Nilipopita vibanda vya jua kali nilipitia upande wa pili wa barabara. Mama Mutua akiniuliza nilisema Njoroge ana wivu.

Sasa Jumatano hii iliyopita.

Kanisa letu linataka kuweka gata za kukinga maji ya paa. Wazee wakasema aitwe Kilonzo apime ukuta, tepu ya nini. Wana haki. Kanisa lilipojengwa, miaka kumi na miwili iliyopita, ni mimi niliyepima ukuta ule kwa miguu, nikasema hatua arobaini, fundi akaja na tepu yake akakuta ni vile vile. Watu wanalisimulia mpaka leo, na wakisahau ninawakumbusha.

Nikavua kofia, nikaanza kwenye kona. Nikafika arobaini. Ukuta ulikuwa bado unaendelea mbele yangu.

Nikafika arobaini na saba ndipo nikaigusa kona.

Nikarudi nikaanza upya. Arobaini na saba. Mara ya tatu nikajikaza, nikanyoosha mguu wa kushoto mpaka nikauma meno. Arobaini na sita na kidogo. Mwangangi, kijana wetu wa Kitui anayekunja mabati, alikuwa anasubiri na kalamu sikioni.

"Mzee, kanisa limekua? Ama limekula sadaka zetu?"

Wengine wakacheka. Mimi sikusikia kicheko. Nilikuwa nimesimama na mkono ukutani, mawe baridi, nafikiri mawe haya hayajaenda popote kwa miaka kumi na miwili. Kama ukuta haukurefuka, basi kilichofupika ninacho mimi.

Nilirudi nyumbani nikachukua penseli. Hesabu si kazi yangu lakini hiyo niliifanya mara nne. Meli niliyochonga ni fupi, kwa sababu hatua nilizopima uwanjani zilikuwa fupi kuliko zile za melini. Imepungua hatua nane, hatua za ujana wangu. Kwenye mti ni inchi tano na kidogo. Upande wa mbele uko sawa kwa sababu ya picha, nyuma nako winchi iko mahali pake, kwa hiyo zile hatua nane zimemezwa zote palepale katikati. Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa Njoroge, mabomba yake ya hewa, na benchi.

Katika meli nzima nilifuta mahali pa mtu mmoja tu. Halafu nikamtukana mbele za watu kwa kuuliza pako wapi.

Jana mama Mutua akatoka sokoni na habari. Njoroge anahama. Kifua kimekuwa kibaya, daktari amesema aache moshi na vumbi la hapa. Jumatatu asubuhi mwanawe anakuja kumchukua, wanakwenda Murang'a, na hawarudi. Mama Mutua alisema hayo huku akimenya viazi, hakuniangalia. "Nimekuambia tu ujue," akasema.

Leo asubuhi nikaenda. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga njiani.

Chumba chao kimebaki kitanda na maboksi. Mama Wanjiru, mke wa Njoroge, akafungua mlango akasema, "Mzee Kilonzo, umepotea sana. Ama ulikuwa ng'ambo?" Njoroge alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, amekonda shingo.

"Karibu, Kapteni. Leo umeshuka nchi kavu."

Nikapewa chai. Nikafungua mdomo niseme nilichokuja kusema, na kilichotoka ni habari za gata za kanisa. Nikamweleza nilivyopima ukuta. Nikafika pale pa arobaini na saba, na hapo ndipo nilipopaswa kuingilia na maneno yangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikasema, "Ikaonekana yule fundi wa zamani alikosea na tepu yake."

Nilisema hivyo. Mbele ya mtu anayevuta pumzi kama msumeno butu.

Njoroge akateremsha macho akaangalia miguu yangu, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto. Ndipo nilipojua kwamba anajua, na pengine alijua tangu uwanjani.

Kisha akauliza, "Na Mama Mzito?"

"Imekwisha. Kamili."

"Ningependa kuiona tena kabla ya Jumatatu. Hata kuishika tu."

Nikasema, "Ni nzito kuibeba, na mvua hii."

Haifiki urefu wa mkono wangu. Ukumbini niliibeba chini ya kwapa, na mwavuli mkono wa pili.

"Sawa, Kapteni," akasema.

Nikamaliza chai, nikaaga, nikatoka. Mama Wanjiru akanisindikiza mpaka kwenye geti la ploti. Alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, kama mtu anayengoja mwenzake aongeze neno. Sikuongeza.

Nimekuwa mtu wa kujisifu tangu utotoni, na sioni haya, kwa sababu mengi ninayojisifia niliyafanya kweli. Lakini leo nikirudi nyumbani, matope mpaka kwenye vifundo, nilijiuliza kitu ambacho sijawahi kujiuliza. Mdomo huu ni wangu, ama mimi ndiye wake?

Saa tisa nikaishusha meli kutoka juu ya kabati. Nikaifuta vumbi. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na wallahi ni nzuri. Halafu nikachora mstari wa penseli nyuma ya bomba la moshi, kuzunguka tumbo lote. Nikatoa msumeno wa meno madogo.

Jakaranda iliyokauka hukatika kwa sauti laini. Nilitegemea mkono utakataa, haukukataa. Mama Mutua akatokea mlangoni.

"Baba Mutua, unakata nini?"

"Meli."

"Hii ya miaka mitatu?"

"Hii hii."

Akaangalia unga wa mti sakafuni, akasema, "Sijui umepata wazimu ama umepona," akarudi jikoni.

Sasa vipande viwili viko mbele yangu mezani. Nimevitenganisha inchi tano na kidogo, na mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, macho yangu yameiona Mama Mzito yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa ndefu. Nitachonga kipande cha katikati, nitaunga kwa gundi, na wachongaji wenzangu waseme wanavyotaka. Mstari wa kuunga utaonekana. Sitaupaka rangi.

Lakini kuna tatizo ambalo sikuliona mpaka nilipoweka vipande hivi hapa. Benchi nalijua, nitalichonga nimefumba macho. Mlango siujui. Nilikuwa nakaa nje nikingoja ufunguke. Ulifungukia kushoto au kulia, komeo lilikuwa upande gani, kizingiti kilikuwa na kimo gani cha kuruka mtu akitoka na miguu imechoka, hayo aliyajua aliyekuwa ndani. Karatasi hakuna bandarini, picha hakuna. Yuko mtu mmoja tu, na Jumatatu anaondoka, na kifua kile sidhani kitamrudisha, wala nyonga hii haitanifikisha Murang'a.

Kwa hiyo kesho sitaenda ibada ya kwanza. Nitaweka vipande viwili kwenye gunia safi, nitakwenda kwake asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Nitavilaza kitandani mwake na nafasi katikati. Nitampa penseli achore mwenyewe. Akikataa kuchora ana haki, nitakaa hapo hapo nisubiri.

Ila kabla ya penseli kuna maneno ya kusemwa, na hayo siwezi kuyabeba kwenye gunia. Nimeyaandika kwenye kipande cha karatasi niyazoee. Mlango ulikuwapo, Njoroge. Nilijua siku ile ile. Nisamehe.

Nimeyajaribu hapa mezani, kwa sauti ya chini. Mara ya kwanza sikufika katikati. Mara ya pili nilifika, nikamalizia kwa kukohoa.

Mara ya tatu mama Mutua amejibu kutoka jikoni, "Hilo la mwisho halijasikika, baba Mutua. Sema tena."

Nimesema tena.